Kujifunza kutengeneza kompaila: CS143, Nand2Tetris au CS 6120?

Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta anamaliza chuoni somo la kompaila, yaani programu zinazotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, akiwa na daftari lililojaa nadharia: otomata, majedwali ya LL(1) na miti ya sintaksia. Mtihani kafaulu, ila hajawahi kuandika kompaila hata ya lugha ndogo kabisa. Ndipo anapouliza: nikasome wapi ili niijenge mwenyewe? Mara nyingi hujibiwa kwa kutumiwa rundo la viungo bila kuelezwa kimoja kinatofautianaje na kingine, na tofauti zenyewe ni kubwa. Ukiingia kwenye kozi isiyokufaa utaishia njiani na kudhani huna kichwa cha mambo haya, kumbe umeanzia mlango usio wako.

Nalinganisha kozi tatu ambazo vifaa vyake unaweza kuvipata mtandaoni bila kulipa ada ya chuo. Ya kwanza ni CS143 ya Chuo Kikuu cha Stanford, iliyorekodiwa na Profesa Alex Aiken. Iliwekwa kwenye jukwaa la kozi za mtandaoni la Coursera mwaka 2012, baadaye ikahamia jukwaa jingine, edX. Ya pili ni Nand2Tetris ya Noam Nisan na Shimon Schocken, na hapa nazungumzia sehemu yake ya pili, yaani mradi wa 7 hadi wa 12. Ya tatu ni CS 6120 ya Chuo Kikuu cha Cornell, ya Adrian Sampson, kozi ya ngazi ya uzamivu iliyofunguliwa kwa yeyote anayetaka kujisomea.

Kipimo changu kikuu ni mradi, si mihadhara. Mihadhara ya kompaila inafanana karibu kila chuo. Wote wataanza na tokeni na wote watafika kwenye sarufi huru (kanuni za kuunda sentensi za lugha ya programu). Kinachokaa kichwani ni kile ulichoandika mwenyewe, kikagoma, ukakaa nacho mpaka ukajua kimegoma kwa nini. Kwa hiyo kila ninapotaja kozi, nauliza kwanza: mwishoni mwa kozi hii utakuwa umejenga nini?

Hatua zenyewe

Tukubaliane kwanza juu ya hatua, maana kozi hizi zinagawana hatua hizo kwa namna tofauti sana. Kompaila inapokea maandishi ya programu. Leksa inayakata kuwa tokeni: jina, namba, alama ya kujumlisha. Uchanganuzi wa sintaksia unazipanga tokeni kuwa mti kulingana na sarufi ya lugha. Uchanganuzi wa maana unakagua kama mti huo una mantiki: je, kigezo hiki kimetangazwa, je, unajumlisha namba na namba au namba na neno? Baada ya hapo mti hugeuzwa kuwa msimbo wa kati, msimbo huo huboreshwa ili uende haraka au uchukue nafasi ndogo, na hatimaye huzalishwa msimbo wa mashine.

Somo la chuoni kwa kawaida hukaa sana kwenye hatua mbili za kwanza. Zina nadharia nzuri na zinatungika maswali ya mtihani. Hatua za mwisho huguswa wiki za mwisho wa muhula, wakati kila mtu anawaza kufunga chuo.

Hesabu moja, kozi tatu

Njia nzuri ya kuziona tofauti ni kuchukua kitu kidogo kabisa na kukipitisha kwenye kozi zote tatu. Chukua hesabu hii: 2 + 3 * 4. Kila aliyepita shule ya msingi anajua jibu ni 14.

Ukiiandika kwenye Jack, lugha ya Nand2Tetris, na kuitafsiri kwa kompaila utakayoijenga wewe kwa kufuata maelekezo ya kozi, utapata msimbo huu wa mashine pepe, yaani kompyuta ya kubuni isiyo na chuma chake:

```
push constant 2
push constant 3
add
push constant 4
call Math.multiply 2
```

Usome taratibu. Sukuma 2 kwenye steki (rundo la thamani ambamo ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka), sukuma 3, jumlisha, sukuma 4, kisha zidisha. Jibu linakuwa 20. Hiyo si hitilafu. Sarufi ya Jack inasema usemi ni istilahi moja ikifuatiwa na alama na istilahi nyingine, mara nyingi upendavyo, bila kusema alama ipi itangulie. Anayetaka 14 aweke mabano. Ndiyo maana programu ya kwanza ya majaribio kwenye mradi wa 11, inayoitwa Seven, imeandikwa 1 + (2 * 3), mabano yakiwemo. Nisan na Schocken walirahisisha kwa makusudi ili sehemu hiyo ya kompaila uiandike kwa kitanzi kimoja.

Tazama pia mstari wa mwisho. Kuzidisha si amri ya mashine, ni wito wa fanksheni. Kompyuta yao ya kufundishia, Hack ya biti 16, haina saketi ya kuzidisha. Fanksheni ya Math.multiply utaiandika mwenyewe kwenye mradi wa 12, unapojenga mfumo wa uendeshaji. Hakuna kitu kilichofichwa chini ya zulia, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote kwenye kozi hii.

CS143 inatumia lugha iitwayo COOL, ambayo Aiken aliibuni kwa ajili ya kufundishia. Hapa sarufi ukiiandika kwa uzembe, kwamba usemi ni usemi + usemi au usemi * usemi, Bison, zana inayozalisha kichanganuzi kutokana na sarufi, itakulalamikia mara moja kuwa kuna migongano: hesabu yako ina miti miwili inayowezekana, mmoja unaotoa 14 na mwingine unaotoa 20. Utatatua kwa mistari miwili:

```
%left '+' '-'
%left '*' '/'
```

Mstari wa chini una nguvu kuliko wa juu. Sasa mti ni mmoja na jibu ni 14. Lakini safari ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu mradi unaofuata unakutaka ukague kwamba pande zote mbili za kila alama ni za aina ya Int, na kama sivyo utoe ujumbe wa kosa wenye namba ya mstari. Kisha inakuja kuzalisha msimbo wa MIPS, aina ya kichakataji. Mpango unaofundishwa darasani ni huu: kokotoa upande wa kushoto, weka jibu lake kwenye steki, kokotoa upande wa kulia ndani ya rejista (nafasi ndogo ya thamani ndani ya kichakataji) iitwayo $a0, rudisha jibu la kushoto kwenye $t1, jumlisha. Ni rahisi kuelewa. Ila COOL ni lugha ya vitu kweli kweli. Namba 3 ndani yake si biti 32 tupu. Ni kitu kamili chenye lebo ya klasi, ukubwa, kielekezi cha jedwali la mbinu, na thamani yenyewe inakaa kuanzia baiti ya 12. Kwa hiyo kila kujumlisha kunahitaji kuita Object.copy ili kupata kitu kipya cha kuwekea jibu. Ukiuona msimbo huo kwa mara ya kwanza utaelewa kwa nini watu wa Java wanahangaikia tofauti ya int na Integer.

CS 6120 nayo haikupi sarufi wala mti. Inakupa programu ikiwa tayari imekatwa kuwa amri, kwenye lugha ya kati iitwayo Bril:

```
a: int = const 2;
b: int = const 3;
c: int = const 4;
d: int = mul b c;
e: int = add a d;
print e;
```

Swali la nani atangulie limekwisha. Mpangilio wa amri umeshalijibu. Kozi inakuuliza swali jingine kabisa: kuna haja ya kuyafanya haya yote programu inapokimbia? Thamani zote zinajulikana. Unaandika kiboreshaji kinachotunza jedwali la thamani ndani ya kila bloku (mfululizo wa amri usio na tawi katikati), kinagundua kuwa d ni 12 na e ni 14. Unaandika kingine kinachofuta amri ambazo majibu yake hayatumiki popote. Zilizobaki ni mbili:

```
e: int = const 14;
print e;
```

Unakimbiza kikalimani chake (programu inayotekeleza amri za Bril), brili, ukiongeza -p, nacho kinakuhesabia amri zilizotekelezwa: kutoka 6 hadi 2. Kazi yako inapimwa kwa namba, na kila somo linakuongezea mbinu ya kuishusha namba hiyo bila kubadilisha jibu la programu.

Unachojenga, na kisichokuwepo

Nand2Tetris inaanza nyuma kwenda mbele. Kwenye mradi wa 7 na wa 8 unaandika kitafsiri kinachogeuza amri za mashine pepe kuwa asembli ya Hack. Kwenye wa 9 unaandika programu au mchezo mdogo kwa Jack ili uizoee lugha. Kwenye wa 10 unaandika leksa na kichanganuzi cha sintaksia. Kwenye wa 11 kompaila inakamilika. Mpangilio huu unasaidia kuliko unavyodhani. Ukifika kwenye kuzalisha msimbo tayari unajua push na pop zinafanya nini chini kabisa, kwa sababu uliziandika mwenyewe wiki chache nyuma. Na ukimaliza, unaikimbiza Pong kwenye skrini ya pikseli 512 kwa 256, mpira unaruka, ukijua kwamba kila nukta imepita kwenye kompaila yako.

Upungufu wake ni mkubwa na lazima usemwe. Hakuna uchanganuzi wa maana wa maana yoyote. Maelekezo yanakuruhusu kuchukulia kwamba programu inayoingia haina makosa. Jack haikagui aina kwa ukali, kwa hiyo hutajifunza jinsi kompaila inavyogundua kwamba umepeleka neno mahali pa namba. Hakuna uboreshaji. Hakuna ugawaji wa rejista, kila kitu kinapita kwenye steki. Mtu aliyemaliza Nand2Tetris anajua kompaila inasimamaje, ila hajagusa karibu lolote kati ya yale yanayowashughulisha wahandisi wa kompaila kazini.

CS143 ndiyo kamili zaidi kwa upande wa mbele wa kompaila. Kwanza unaandika programu ndogo ya COOL ili uizoee lugha, kisha zinafuata hatua nne: leksa kwa kutumia zana ya flex au JLex, kichanganuzi cha sintaksia kwa Bison au CUP, ukaguzi wa maana, na kuzalisha msimbo unaokimbia kwenye SPIM, programu inayoigiza kompyuta ya MIPS. Kompaila yao rasmi imegawanywa vipande vinne vinavyounganika, na hili ni jambo jema sana kwa anayejisomea peke yake: kichanganuzi chako kikiwa na kasoro, unaweza kukiweka pembeni, ukachomeka cha kwao, ukaendelea na hatua inayofuata. Haukwami mwezi mzima kwa kosa la hatua ya pili.

Mradi wa ukaguzi wa maana ndio moyo wa kozi hii, na kwangu ndio mradi bora kuliko miradi yote ya kozi hizi tatu. Unajenga grafu ya urithi wa klasi na kuhakikisha haina mduara. Unahakikisha hakuna anayerithi Int, String wala Bool. Unakutana na usemi wa if ambao matawi yake yana aina mbili tofauti, na inabidi utafute mzazi wa karibu zaidi wanayeshirikiana ili huo uwe ndio aina ya usemi mzima. Halafu kuna SELF_TYPE. Hiyo itakutoa jasho: ni aina inayomaanisha "klasi ya kitu hiki chenyewe, hata kama ni mtoto wa klasi hii", na kanuni zake zinagusa kila kona ya mkaguzi wako. Ukiielewa, mambo mengi ya mifumo ya aina kwenye lugha za kisasa yatakufungukia.

Mihadhara ya CS143 inaendelea hadi uboreshaji, ugawaji wa rejista kwa kupaka grafu rangi (njia iliyoasisiwa na Gregory Chaitin na wenzake wa IBM) na ukusanyaji taka kwenye kumbukumbu. Lakini unayasikiliza tu. Mradi haukulazimishi kuyajenga, na kisichojengwa husahaulika.

Hapo ndipo CS 6120 inapoingia. Imeruka leksa na sintaksia kabisa, kwa kuwa Bril huhifadhiwa kama JSON, muundo wa kawaida wa data (yale maandishi ya juu ni sura yake ya kusomeka): kila lugha ya programu unayoijua inaweza kuisoma. Kuanzia wiki ya kwanza uko kwenye grafu ya mtiririko wa udhibiti, yaani ramani ya njia ambazo programu inaweza kupita. Baada ya hapo ni uchambuzi wa mtiririko wa data, nodi tawala (bloku ambazo lazima zipitwe kabla ya nyingine), SSA (mtindo ambapo kila jina hupewa thamani mara moja tu), uboreshaji wa vitanzi, uchambuzi wa vielekezi, usimamizi wa kumbukumbu na kompaila zinazotafsiri wakati programu inakimbia. Katikati kuna somo la LLVM, mfumo wa kujengea kompaila, ambapo unaandika pasi (hatua ya kuchambua au kuboresha msimbo) yako mwenyewe ndani ya mfumo uleule unaotumika na Clang (kompaila ya C na C++), Rust na Swift. LLVM ilianzishwa na Chris Lattner Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000, na leo nafasi nyingi za kazi za kompaila zinaitaja kwa jina. Kozi hii ndiyo pekee kati ya tatu inayokufikisha mlangoni pake.

Ila haina anayekushika mkono. Masomo yana video na maandishi, kazi zimeelezwa kwa mistari michache, na majaribio ni juu yako kuyatunga. Zipo makala za utafiti za kusoma. Kama hujawahi kuandika programu yenye mafaili zaidi ya mawili matatu, itakuchosha.

Kuandika kwa mkono au kwa zana?

Kuna mjadala wa siku nyingi unaohusu uchaguzi huu moja kwa moja. Nand2Tetris inakutaka uandike kichanganuzi kwa mkono, kwa mtindo wa fanksheni moja kwa kila kanuni ya sarufi. CS143 inakupa Bison au CUP ikuzalishie. Wanafunzi wengi hudhani njia ya mkono ni ya watoto na zana ndiyo ya wakubwa.

Historia haiungi mkono dhana hiyo. GCC, kompaila maarufu ya C na C++, ilikuwa ikitumia Bison, ikaiacha: kichanganuzi cha C++ kiliandikwa upya kwa mkono kwenye toleo la 3.4 mwaka 2004, na cha C kwenye 4.1 mwaka 2006. Clang imeandikwa kwa mkono tangu mwanzo. Kompaila ya Go nayo iliachana na yacc, zana ya jamii ya Bison, kwenye toleo la 1.6 mwaka 2016. Sababu kubwa ni ujumbe wa makosa na uhuru wa kushughulikia sehemu ngumu za sarufi. Kwa upande mwingine, PostgreSQL hadi leo inachanganua SQL kwa sarufi ya Bison, na ni moja ya hifadhidata zinazoaminika zaidi duniani. Kwa hiyo hakuna utakachopoteza upande wowote. Ninachosema ni kwamba ukichagua Nand2Tetris, usijione umejifunza njia duni. Kwa hatua hii moja uko karibu zaidi na GCC na Clang kuliko aliyepita CS143.

Laptopu yako na bando lako

Hili halizungumzwi vya kutosha. CS143 imefungashwa kwenye mashine pepe ya Linux unayoiendesha ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nzima ndani ya kompyuta yako. Faili lake ni zito, lishushe ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo na si kwa bando la simu. Laptopu yenye RAM ndogo itapumua kwa shida ukifungua mashine pepe pamoja na kivinjari. Anayetumia Linux tayari anaweza kusakinisha zana moja moja, lakini ni za zamani na zitamlia muda.

Nand2Tetris ni nyepesi kabisa. Zana zake za awali ni programu ndogo za Java zinazokimbia hata kwenye mashine kuukuu, na siku hizi kuna toleo linalofunguka ndani ya kivinjari. Unaandika kompaila yako kwa lugha yoyote uliyoizoea, kisha unalinganisha matokeo na mafaili waliyokupa. Kwenye mradi wa 10 matokeo ni XML, maandishi yaliyofungwa kwa lebo, na hapo ujihadhari na alama ya "ndogo kuliko": lazima iandikwe `<`, la sivyo jaribio litakataa na utamaliza jioni nzima ukitafuta kosa kwenye sarufi ambayo haina kosa.

CS 6120 inahitaji Python na Deno (kiendeshaji cha JavaScript) kwa ajili ya zana za Bril, na baadaye LLVM. Zana za Bril ni ndogo. LLVM ndiyo kubwa. Sakinisha ile iliyokwisha kutengenezwa, usijaribu kuijenga kutoka kwenye chanzo kwenye laptopu ya kawaida. Maandishi ya masomo yanasomeka bila video, kwa hiyo ukiiweka LLVM pembeni, ndiyo inayokula bando kidogo zaidi.

Kuhusu vyeti, Coursera na edX hutoza pesa kwa cheti na masharti ya kusikiliza bure hubadilika, soma ukurasa wa kozi kabla ya kujiandikisha. Tovuti ya Nand2Tetris inatoa maelezo ya miradi na zana bila malipo. CS 6120 haikupi cheti wala alama. Kwenye fani hii mwajiri atakayekuelewa ataomba kuona msimbo wako, kwa hiyo sioni kama hilo ni hasara.

Kwa hiyo uchague ipi?

Kama somo la kompaila bado liko mbele yako chuoni, au unalisoma muhula huu, chukua CS143. Inafuata mpangilio uleule wa mitaala mingi ya vyuo vyetu: semi za kawaida, otomata, sarufi huru, uchanganuzi wa juu-chini na wa chini-juu, tafsiri inayoongozwa na sintaksia. Utasikiliza mhadhara wa Aiken kuhusu FIRST na FOLLOW, seti zinazotumika kujenga majedwali ya LL(1), leo, kesho utauona ubaoni. Anaeleza kwa utulivu na kwa mifano inayojengwa hatua kwa hatua, na wanafunzi walioachwa nyuma darasani hupata pumzi pale.

Kama somo ulishalifaulu, ushauri wangu ni mwingine, na najua si wote wanaokubaliana nami. Usirudie CS143 nzima. Nadharia ya sintaksia unayo tayari, na nusu ya kozi itakuwa marudio. Fanya Nand2Tetris mradi wa 7 hadi wa 11, upate kompaila yako ya kwanza inayokimbia, halafu nenda moja kwa moja CS 6120. Kati ya hizo mbili chomeka mradi mmoja tu wa CS143, ule wa ukaguzi wa maana, ukitumia leksa na kichanganuzi chao rasmi. Njia hii inaziba yale matatu ambayo darasa kwa kawaida huyaacha wazi: kompaila nzima inayofanya kazi, ukaguzi wa aina, na uboreshaji.

Kama wewe ni mtu wa kazini unayeandika programu za biashara au za simu na unataka tu kuelewa kinachotokea ukibonyeza kitufe cha kukimbiza, Nand2Tetris peke yake inatosha, wala usijisikie vibaya kuishia hapo.

Wanaotaka kutengeneza lugha ya programu ya Kiswahili

Wapo wengi, na nawatakia kila la heri kwa dhati, kwa hiyo nizungumze nao peke yao. Wazo huanza hivi: badala ya if tuandike kama, badala ya while tuandike wakati, ili mtoto wa sekondari aanze kuprogramu kwa lugha anayoifikiria. Sehemu hiyo ya maneno muhimu ni kazi ya leksa pekee. Kwenye kompaila ya Jack ni orodha ya maneno. Kwenye COOL ni kanuni chache za flex. Utaimaliza mchana mmoja.

Kazi halisi iko kwenye makosa. Mtoto anayejifunza atakosea kila baada ya mistari michache, na kama programu yake ni ya Kiswahili lakini inamjibu kwa lugha nyingine, au inamjibu "kosa mstari wa 4" basi, hujamsaidia. Anahitaji kuambiwa: kigezo "jumla" umekitumia mstari wa 4 kabla hujakitangaza, au: unajaribu kujumlisha namba na neno, je, ulimaanisha kuunganisha maneno? Ujumbe wa namna hiyo hauwezi kutoka kwenye kompaila isiyojua aina za vitu wala upeo wa majina. Nand2Tetris haifundishi hilo kabisa na CS 6120 imelipita. Kwa hiyo ninyi nendeni CS143, na mkifika kwenye mradi wa ukaguzi wa maana msiuharakishe. Andikeni kichanganuzi chenu kwa mkono, kwa sababu ileile iliyowafanya watu wa GCC waache Bison.

Neno kuhusu MIT

Wengine wataniuliza kwa nini sikuiweka 6.035 ya MIT, ya Saman Amarasinghe na Martin Rinard, ambayo slaidi zake, maelezo ya mradi na mitihani ya zamani viko OpenCourseWare. Ni kozi nzito na nzuri: unajenga kompaila ya lugha ndogo ya Decaf hadi msimbo wa x86-64, vichakataji vya kompyuta za kawaida, kisha unaiboresha ili programu iende kasi. Kwa upana wa mradi inazishinda zote tatu. Ila mradi huo ulitengenezwa kufanywa na timu, na mtu mmoja aliye kazini mchana atauona hauishi. Mkiwa watatu au wanne mnaoaminiana, wenye muhula mzima na mahali pa kukutana, chukueni hiyo na muache haya mengine yote niliyoandika.

Lugha ya kuandikia

Swali la mwisho ambalo huja kila mara ni uandike kompaila yako kwa lugha gani. Kwa CS143 uchaguzi ni C++ au Java, na kwa anayejisomea Java ni salama zaidi: miti ya sintaksia ina vielekezi vingi, na muda wako uutumie kwenye kompaila, usiutumie kusaka kumbukumbu iliyovuja. Kwa Nand2Tetris, Python inatosha na inakwenda haraka. Kwa CS 6120 wapo wanaoanza na Rust ili wajifunze vitu viwili kwa mpigo. Kama Rust ni ngeni kwako, acha. Uchambuzi wa mtiririko wa data na SSA ni vigumu vya kutosha vyenyewe, na Python itakuwezesha kuona grafu yako ikichapishwa kwenye skrini siku hiyohiyo ulipoanza.